KUSIKILIZA BILA KUTANGAZA

Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa jamii mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Kanamkemer, Lodwar. Tumeyapunguza kidogo tu ili yatoshe ukurasa.

  Wengine mmetembea tangu alfajiri, wengine mmewaachia watoto mbuzi, kwa hiyo sitawazungusha.

Nimeombwa niseme juu ya huduma ya kujitolea, ile ya mtu kumsaidia mwenzake aliyepatwa na mambo kama yake. Nadhani mwenyekiti alitegemea niseme juu ya wajane au walevi. Hao tumewazungumzia mara nyingi. Leo nataka tuwaseme watu ambao hatuwataji katika mikutano yetu. Wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale waliozaliwa wakaitwa wavulana lakini wao wenyewe wanajijua ni wasichana, au kinyume chake. Naona wengine mmeangalia chini. Si neno. Hata mimi nilipokuwa chuoni nikisomea diploma, somo hili halikuwepo.

Sikuja kuwauliza kama mnakubaliana nao. Nimekuja kwa sababu wako kati yetu, na wakipigwa ni katika njia zetu wanapopigwa.

Chukueni Kakuma. Kutoka hapa ni kama kilomita 120, na wengi wenu mmekwenda kuuza kuni, makaa na mbuzi. Kambi ile ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, ukiijumlisha na Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili kutoka nchi nyingi. Mwezi wa pili 2014, Rais Museveni wa Uganda alitia sahihi sheria kali juu ya watu wa jinsia moja. Mahakama ya huko iliifuta mwezi wa nane mwaka ule ule, lakini vijana wengi walikuwa wameshafukuzwa nyumbani, kazini na shuleni. Walivuka mpaka kuja Kenya, na baadhi yao wakaletwa Kakuma. Halafu 2023 Uganda ikatunga sheria nyingine, yenye adhabu ya kifo kwa makosa fulani. Mwezi wa nne 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikaiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame.

Sasa fikirini. Umekimbia jirani aliyekuchomea nyumba, unafika kambini, unakuta majirani wapya wenye fikira zile zile, na safari hii huna hata shangazi wa kukuficha. Mwishoni mwa 2018, baada ya mashambulizi, UNHCR iliwahamishia wengi wao Nairobi kwa usalama. Wengine walibaki, na wengine wakaja baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2021, mtu alirusha moto wa petroli mahali walipokuwa wamelala, kule Block 13. Wawili waliungua vibaya, wakapelekwa Nairobi. Mmoja wao, Chriton Atuhwera, Mganda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikufa hospitalini tarehe 12 Aprili. Magazeti yaliandika siku mbili tatu yakanyamaza.

Nataka mwone walichofanya wenyewe. Walikuwa wameamua kukaa pamoja, kupika pamoja, wengine wakilala na wengine wakikesha. Mwenye homa alipelekwa kliniki na mwenzake. Asiyejua Kiingereza alisaidiwa kuandika barua. Hawakusubiri mtu aje na gari. Hiyo ndiyo huduma ninayoisema, nayo haina tofauti na vikundi vyenu, isipokuwa wao wanaifanya gizani.

Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi tulivyofanya Ukimwi ulipoingia. Mgonjwa alipewa sahani yake na kikombe chake, na ndugu walimsalimia wakiwa mlangoni. Mwaka 1987 pale Kampala, mama mmoja, Noerine Kaleeba, alifiwa na mumewe kwa ugonjwa huo. Akakusanyika na wenzake, walikuwa 16, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe. Dawa hazikuwepo. Walichokuwa nacho ni chai, mikeka na masikio. Walisikilizana, wakazuru wagonjwa, na kutoka hapo likazaliwa shirika la TASO, ambalo nchi nyingi zimejifunza kwake. Wengi wa wale 16 hawakuishi muda mrefu. Lakini walikuwa wameonyesha kwamba mgonjwa humwambia mgonjwa mwenzake mambo ambayo hatamwambia daktari, wala padre, wala mimi.

Na hapo ndipo nina neno la kuungama, maana sitaki mdhani nimetoka na hekima hii darasani.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia jioni. Hakuwa mkimbizi, alikuwa mtoto wa huku huku. Alikaa kwenye kiti akanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia jinsi alivyo. Alisema hajamwambia mtu mwingine duniani. Sikumkemea, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimpa maji, nikamwambia arudi kesho yake. Lakini usiku ule mzigo ulinilemea, nikawaambia akina mama wawili wa kikundi changu, wanawake wema kabisa. Niliwaambia tumwombee. Mnajua wenyewe, kusengenya kwa watu wa kanisa huanza na neno hilo, tumwombee. Wiki haikuisha, soko zima lilikuwa linajua. Baba yake alitupa godoro lake nje. Kijana alipanda lori, na mpaka leo sijui kama yuko hai.

Hakuna aliyenishtaki, wala aliyeniuliza. Nilikuwa na cheti changu ukutani na nilikuwa nimevunja kitu kimoja tu alichokuwa ameniomba.

Kwa hiyo nikiulizwa msaidizi wa kujitolea anaanzia wapi, nasema anaanzia kwenye ulimi. Mafunzo mengine yote yanafuata. Msaidizi haandiki jina la mtu kwenye daftari la kikundi. Hamsimulii mume wake wala mke wake. Hata akitaka ushauri kwa aliyemtangulia katika kazi, anasimulia bila jina, kijiji wala ukoo, maana kwetu ukitaja ukoo na rangi ya ng'ombe watu wameshajua nyumba. Wala hamwiti mtu kwa simu mbele za watu.

Pili, anasikiliza kuliko anavyosema. Akina mama, hili ni gumu kwetu, tumezoea kushauri. Mtu akisema amechoka kuishi, usimkatize kwa methali. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kuuliza, wanadhani watamtia wazo kichwani. Haiwi hivyo, swali humpunguzia upweke. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, ondoeni kamba, kisu na dawa za mifugo mahali alipo, na asubuhi mwende naye hospitali.

Tatu, anajua milango. Mtu aliyebakwa, awe mwanamke au mwanamume, apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kwisha. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, humezwa kwa siku 28, na zikianzwa mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, usitumie nailoni. Polisi wanayo fomu ya P3, nayo haiuzwi. Wapo waliokwenda kuishtaki shida yao wakachekwa kaunta, wakarudi. Ndiyo maana hatumpeleki mtu peke yake. Akiwepo mama mtu mzima na leso yake begani, kicheko kinapungua. Nimeliona hili kwa macho yangu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa maofisini hulisahau. Msaidizi naye ni mtu. Kule kambini, anayemtuliza mwenzake usiku amepigwa yeye mwenyewe wiki iliyopita. Akiachwa hivyo miezi sita atavunjika, au ataanza kunywa. Inafaa wafanye kazi wawili wawili, wawe na siku ya kukutana wao wenyewe walie na wacheke, na aruhusiwe kusema leo siwezi. Kujitolea hakumaanishi ujitoe mpaka uishe.

Najua mtaniuliza juu ya sheria. Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya makosa ya jinai bado vipo. Watu walikwenda mahakamani kuomba vifutwe, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa. Sitawaficha hilo. Lakini someni vizuri: vifungu hivyo vinahukumu tendo. Kumsikiliza mtu, kumpa uji, kumsindikiza hospitali, hakuna kifungu kinachosema hayo ni kosa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima yake ya utu, na kifungu cha 43 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Tena mwezi wa pili 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kwamba watu hawa hawawezi kunyimwa kuandikisha chama chao kwa sababu tu ya jinsi walivyo. Kulikuwa na kelele nyingi redioni, lakini ndiyo hukumu.

Na Kanisa je? Mafundisho juu ya ndoa hayajabadilika, nanyi mnayajua. Lakini Katekisimu, namba 2358, inatuagiza tuwapokee kwa heshima, huruma na uangalifu, na tusiwabague isivyo haki. Wengi tunaikumbuka sehemu ya kwanza tu ya fundisho, hii ya pili tunairuka kama mtu anayeruka laga yenye maji. Hayati Papa Fransisko, alipokuwa kwenye ndege akitoka Juba mwezi wa pili 2023, alisema kuwafanya watu hawa wahalifu ni udhalimu, na kwamba mzazi hapaswi kumfukuza mtoto wake. Juba si mbali na sisi. 

Sasa niseme ninachowaomba, maana mtu hatembei tangu alfajiri kuja kusikiliza hotuba tu.

Siombi mwanzishe kikundi kipya chenye kibao barabarani. Kibao kitawaua. Wala siombi muwe nyinyi wasikilizaji wao. Ile kazi ya moyo kwa moyo wanaiweza wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hawahitaji kuelezana. Ninachoomba ni watu wawili au watatu kutoka kila kikundi, watu waliokwisha kupimwa kwa siri nyingine wakaitunza. Mnawajua. Yule mama ambaye watu humwendea wakati binti amepata mimba na hakuna anayesikia, ndiye ninayemtaka. Hao tutakaa nao hapa parokiani, tuwafundishe haya niliyosema na mengine, ili msaidizi kijana akija usiku na mtu anayevuja damu, awe na mlango wa kugonga.

Na hazina ya kikundi iweke nauli. Kiasi kidogo tu, cha pikipiki mpaka hospitali na kurudi. Kwenye daftari andikeni nauli ya mgonjwa, basi. Ni mgonjwa kweli, hamjadanganya mtu.

Wengine mtarudi nyumbani mkanuna. Nimezoea. Lakini kabla ya kunikasirikia, kila mmoja ahesabu watoto wa ukoo wake walioondoka bila kuaga, yule wa Kitale, yule wa Nairobi ambaye harudi hata kwa mazishi. Mimi nilipowahesabu wa kwetu, kulikuwa na wawili ambao sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini.

Nimemaliza. Mzee wangu pale chini ya dirisha umeinua mkono tangu nilipotaja polisi, karibu, anza wewe.