"Mchezo wa wazungu" au riziki ya Watamu? Hotuba yangu kuhusu uvuvi wa burudani

(Uzi mrefu kidogo, vumilieni. Hii ni hotuba niliyoitoa Ijumaa kwenye kikao chetu cha mijadala chuoni. Wengi mliomba maandishi, kwa hivyo naiweka hapa karibu kama nilivyoisema. Kanuni ya ukurasa ni ileile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja.)



Mimi ni mtoto wa Watamu, upande wa Timboni. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani, mimi na mjomba wangu tunatazama mdahalo kwenye simu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Swali likaja kuhusu uvuvi. Mgombea wa kwanza akasema ule uvuvi wa boti za watalii ni mchezo wa wazungu, haumsaidii mwananchi, na akiingia ofisini atautoza mpaka utoe jasho. Wa pili akasema uvuvi huohuo ndio uti wa mgongo wa mji, usiguswe hata kidogo. Wote wawili wakapigiwa makofi.

Mjomba akacheka. Amekuwa baharia kwenye hizo boti kwa zaidi ya miaka ishirini. Akaniambia, "Mwanangu, huo mchezo wa wazungu ndio umekusomesha." Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini huyo wa kwanza hajadanganya sana."

Hotuba yangu leo ni kujaribu kueleza jinsi maneno hayo mawili ya mjomba yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja. Wagombea wanatulazimisha tuchague moja. Tusikubali.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Uvuvi wa burudani si ule wa mtumbwi, madema na mshipi wa mkono. Hapa mgeni anakodi boti yenye injini, nahodha na mabaharia, inatoka alfajiri na kurudi jioni. Anafuata samaki wakubwa wa maji marefu: sulisuli, nduaro, jodari. Hamtafuti samaki wa kitoweo. Anachotaka ni kupambana naye kwa fimbo na uzi, saa nzima wakati mwingine, halafu apige picha. Pwani yetu ina jina katika mchezo huu tangu zamani. Mwandishi Ernest Hemingway alivua Malindi miaka ya 1930. Msimu wenyewe unakwenda na kaskazi, takriban Novemba hadi Machi. Kusi ikianza kuvuma, bahari inachafuka na boti nyingi zinapandishwa nchi kavu.

Sasa tuzichukue hoja moja moja.

Hoja ya kwanza: "Haumsaidii mwananchi."

Ukisikia hivyo, ifuate pesa kwa miguu. Boti haijatoka, tayari kuna aliyeuza dizeli, aliyeuza barafu, aliyetafuta chambo. Kuna fundi wa injini aliyekesha jana akibadilisha pampu. Kuna mlinzi wa usiku, kuna mchoraji anayepaka rangi boti wakati wa kusi. Mgeni amelala mahali, kwa hivyo kuna mpishi, dobi na mtu wa bustani. Ametoka hotelini kwa tuktuk. Boti ikirudi na jodari au nguru, pale kwetu samaki mara nyingi ni wa boti, wanauzwa, na mama karanga wako ufuoni na beseni zao wakisubiri. Yule mama akikaanga akauza jioni, karo ya mtoto wake imetoka kwenye safari ambayo yeye hakupanda.

Na kuna jambo la ujuzi. Baharia mzuri anajua kusoma maji. Anaona ndege wanavyozunguka, anaona rangi ya bahari ilipobadilika, anasema "hapa", na hapo ndipo samaki walipo. Ujuzi huo ulitoka kwa babu zake waliovua kwa ngalawa. Mgeni anaweza kuja na fimbo ya bei mbaya, lakini bila huyu mtu atarudi na mkono mtupu.

Kwa hivyo anayesema haumsaidii mwananchi hajawahi kusimama ufuoni saa kumi na moja jioni mwezi wa Januari.

Hoja ya pili: "Ni uti wa mgongo, usiguswe."

Pole pole hapo. Tutofautishe pesa inayopita mjini na pesa inayobaki mjini. Mgeni akilipia safari yake yote akiwa bado Ulaya, kwa akaunti iliyo hukohuko, kwenye boti ambayo mwenyewe haishi hapa, basi kinachofika Watamu ni dizeli, mishahara na bakshishi. Si kitu kidogo, lakini si kile mnachokihesabu mkiona bei kwenye tangazo. Mgombea akitaja mamilioni, muulize mamilioni hayo yamelala wapi usiku.

Pia uti wa mgongo unaokatika kila mara mtu akipiga chafya si uti wa mgongo. Mwaka 2014 mataifa kadhaa yaliwaonya raia wao wasije sehemu za Pwani kwa sababu ya usalama, na hoteli zikafunga. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, zikarudi Agosti. Hapa niseme la nyumbani. Mwenye boti ambayo mjomba alikuwa akifanyia kazi alimpigia simu, akamwambia asije tena mpaka atakapoitwa. Basi. Hakuna notisi, hakuna malipo ya mwisho, kwa sababu hakukuwa na mkataba. Miaka yote ile alikuwa kibarua wa msimu kwenye karatasi, na karatasi yenyewe haikuwepo. Makato ya NSSF? Sahau. Mjomba alirudi kwenye mtumbwi na mshipi, na mimi nikakaa nyumbani nikisubiri shule zifunguliwe, nikila samaki aliyemvua yeye.

Simlaumu mtalii kwa hilo. Wala sisemi wenye boti wote ni hivyo, wapo wanaowajali watu wao hata wakati wa kusi. Nasema kwamba sekta ikiitwa uti wa mgongo kwenye jukwaa, halafu wanaoibeba hawana hata barua ya kazi, hapo kuna swali la siasa. Sheria za kazi tunazo. Swali ni nani anakwenda kuzikagua ufuoni.

Hoja ya tatu: "Samaki ni wetu."

Hii ndiyo inayopasha watu damu. Boti nyingi siku hizi zikimpata sulisuli zinamtia alama ndogo yenye nambari na kumwachilia. Akivuliwa tena mahali pengine, nambari inatueleza amesafiri kutoka wapi. Watamu kwenyewe kuna shirika, African Billfish Foundation, linaloendesha kazi hiyo. Mantiki ya uchumi ni rahisi: sulisuli aliyekufa anauzwa kwa kilo, mara moja. Aliye hai anaweza kumleta mgeni leo, na mwingine msimu ujao.

Sawa. Sasa keti upande wa mvuvi wa jarife. Ametega usiku, asubuhi amekuta sulisuli kwenye nyavu. Kwake huyo ni unga, mafuta ya taa na deni la dukani. Umwambie amwachilie ili nani afaidike? Akimwachilia, faida inaenda kwa boti ya watalii ambayo yeye hana hisa wala ndugu ndani yake. Hajakosa uzalendo wala elimu ya mazingira. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Darasani tunasoma kazi ya Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alichunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja kama misitu, maji na uvuvi, akaonyesha kwamba jamii zinaweza kuitunza bila kungoja serikali au tajiri. Lakini kuna masharti, na mojawapo ni kwamba wanaobanwa na kanuni wawe wameshiriki kuzitunga. Hapa Kenya tunacho chombo cha kuanzia: vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Swali langu ni dogo. Wakati boti za burudani na wavuvi wa jarife wanagombania maji yaleyale, wanaketi meza moja wapi? Kama hakuna meza, ugomvi unahamia jukwaani, na jukwaani mshindi ni mwenye sauti kubwa.

Hoja ya nne: "Nikichaguliwa nitafanya hivi na hivi."

Hapa ndipo tunapodanganywa kirahisi, kwa hivyo sikilizeni vizuri. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Uvuvi, kama sehemu ya kilimo, ni wa kaunti. Utalii wa ndani ya eneo pia ni wa kaunti. Lakini sera ya utalii ya nchi ni ya serikali kuu, na ulinzi wa maliasili, uvuvi ukiwemo, uko huko pia. Hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo iko tangu 1968 na ni miongoni mwa za kwanza Afrika, inasimamiwa na KWS. Usalama wa vyombo uko kwa Mamlaka ya Safari za Baharini. Leseni ya biashara iko kaunti. Boti moja, milango kadhaa ya kubisha hodi.

Kwa hivyo mgombea wa ugavana akikuahidi kufukuza meli kubwa za kigeni zinazovua mbali, mpigie makofi ukitaka, lakini ujue hana huo uwezo. Maji ya nchi yanaishia maili 12 za baharini, ukanda wa kiuchumi unafika maili 200, na leseni za huko hutolewa na serikali ya kitaifa. Akikuahidi diko lenye barafu na choo, njia ya kufika ufuoni na ada za biashara zinazoeleweka, hizo ziko karibu na mkono wake. Mdai hizo.

Na kuhusu njia ya ufuoni, jamani. Kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukuta wa mtu hauwezi kushuka mpaka pale. Lakini ukizungushiwa ua huku juu, mchanga wa umma unaufikiaje, kwa helikopta? Kuna madiko Pwani ambayo wavuvi wanayafikia kwa hisani ya mlinzi wa geti. Siku hisani ikiisha, si mvuvi wa mtumbwi peke yake atakayekwama. Mama karanga naye hatafika, na samaki wa boti ya mgeni atauzwa kwa mwenye gari lenye friji kutoka nje ya mji.

Sasa mtaniuliza, wewe uko upande gani? Sitaki ukome. Nimesomeshwa nao, ningekuwa mnafiki. Na sitaki usiguswe, kwa sababu nimeona ulivyomwacha mtu aliyenisomesha. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiagiza serikali kutunza maliasili na pia kuhakikisha faida yake inagawanywa kwa haki. Mgombea wa kwanza amesahau kwamba kuna faida ya kugawanya. Wa pili amesahau kuigawanya.

Kwa hivyo wakija tena kwenye mdahalo, au wakija mtaani kwenu na fulana, waulizeni haya:

1. Ukiongeza ada kwa boti, pesa hiyo itatumika kwa nini, na tutaionaje kwenye bajeti ya kaunti?
2. Mabaharia wa msimu watapataje mikataba, na nani atakagua?
3. Kijana mwenye ujuzi wa bahari lakini hana cheti cha nahodha, utamsaidia kukipata au utamwacha abebe barafu maisha yake yote?
4. Mvuvi anayeombwa amwachilie samaki, atapata nini?
5. Diko letu lina hati? Kwa jina la nani?

Akijibu matatu kati ya hayo bila kurukia kabila la mtu, huyo amejiandaa.

Namalizia na mjomba. Baada ya mdahalo nilimuuliza, kama ungekuwa pale ukapewa kipaza sauti, ungewauliza nini? Alifikiri kidogo, akasema: "Ningewauliza ni nani kati yao anajua kaskazi inaisha lini. Maana mimi yakinifika ya Aprili, najua."

Aprili inakuja kila mwaka, wenzangu. Haijawahi kutajwa kwenye mdahalo hata mmoja niliotazama.

Leteni maswali.

(Mwisho wa uzi. Kama kwenu ni Shimoni, Kilifi, Malindi au Lamu na mambo yako tofauti, niandikieni hapo chini, nami nitajifunza. Matusi kwa wagombea yatafutwa. Hoja zitabaki.)