Udongo Mweupe wa Pugu na Kazi ya Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Temeke



Bwana Katibu alituomba tuseme habari za wiki sita tulizokaa katika msitu wa Pugu pamoja na wanafunzi wa elimu ya miamba, ambao walikuwa huko katika likizo yao ndefu ili kujifunza kwa mikono yale waliyoyasoma vitabuni. Kwanza tulikataa, maana sisi si mtaalamu wa mawe. Kazi tuliyopewa huko ilikuwa ya kuandika tu. Walakini Bwana Katibu alijibu kwamba wote wanaokaa katika chumba hiki ni watu wa kuandika. Basi hatukuwa na neno la kumjibu.

Vilima vya Pugu haviko mbali nasi. Viko upande wa kusini-magharibi wa mji, katika njia iendayo Kisarawe, na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, yapita huko. Watu wengi wa Temeke wadhani kwamba vilima vile havituhusu. Lakini mto Kizinga, ambao maji yake husafishwa pale Mtoni na kunywewa na watu wa upande wetu, watoka katika nchi hiyo ya juu. Na tusione haya kusema kwamba mkaa mwingi uliopikia chakula chetu ulitoka katika miti ya huko. Siku hizi msitu wa Pugu umeunganishwa na ule wa Kazimzumbwi ukawa hifadhi moja, na mtu haruhusiwi kukata wala kuchimba humo bila idhini. Hata wanafunzi wetu walibeba barua ya ruhusa, na kila shimo walilotoboa kwa keekee lilifukiwa siku ile ile, mzee mlinzi wa msitu akitazama.

Chini ya msitu huo na kandokando yake mna udongo mweupe uitwao kaolini. Jina lenyewe limetoka Uchina, katika kijiji cha Gaoling, ambako udongo wa namna hii ulichimbwa zamani kwa kufanyia vyombo vya kaure. Kazi zake ni nyingi: hutiwa katika karatasi ipate kuwa laini na nyeupe, katika rangi, katika mpira, hata katika dawa. Mwalimu wa wanafunzi alitueleza asili yake kwa maneno mepesi. Mito ya kale ilichukua mchanga kutoka miamba migumu ya bara ikauweka hapa pwani. Ndani ya mchanga ule mlikuwa na chembe za jiwe liitwalo felspa. Kwa muda wa mamilioni ya miaka, joto na mvua za nchi yetu zilizila chembe zile zikageuka unga mweupe, lakini chembe ngumu za mchanga zilibaki kama zilivyo. Kwa hiyo mwamba wa Pugu si udongo mtupu, bali ni mchanga uliochanganyika na udongo, na mtu atakaye kaolini hana budi kuuosha kwanza. Kisarawe yako mapango yanayokaliwa na popo maelfu. Wageni hudhani yamefanywa na maji, kumbe yalichimbwa na watu waliokuwa wakifuata udongo huo.

Tulijifunza pia namna ya kuutambua. Ukitia tone la tindikali juu ya jiwe la chokaa latoa povu. Juu ya kaolini halifanyi neno. Tena donge lake kavu ukiligusa kwa ulimi laganda. Tulipoliambia jambo hili nyumbani tulichekwa, maana wanawake waliopata kula pemba wakati wa mimba hawakuhitaji chuo cha kuwafundisha udongo ugandao ulimini.

Kazi ya kila siku ilikuwa hivi. Asubuhi wanafunzi sita waligawanyika wawili wawili, na kila kundi lilikuwa na nyundo, dira, keekee ndefu ya kutobolea ardhi, na kile chombo kipokeacho habari kutoka angani kikasema mtu amesimama mahali gani duniani. Walipopata udongo waliutia katika kifuko cha nguo. Hapo ndipo ilipoanza kazi yetu. Namba ya kifuko iliandikwa mara tatu: juu ya kifuko, juu ya kipande cha karatasi kilichotiwa ndani, na katika kitabu, pamoja na mahali, kina cha shimo, na rangi ya udongo ungali mbichi. Tuliona ni kazi nyepesi. Mtu aliyeandika barua za serikali miaka kumi na mbili ashindweje na namba?

Katika wiki ya tatu yalishuka manyunyu ya ghafla, watu wakaja mbio chini ya turubali, kila mmoja akitaka vifuko vyake viandikwe kwanza. Usiku, tulipokuwa tukilinganisha vifuko na kitabu kwa mwanga wa taa, tuliona vifuko viwili vyenye namba 41. Kimoja kilitoka ndani ya msitu, karibu na kijito. Cha pili kilitoka nje ya mpaka, kando ya shimo la zamani. Kimoja kilikuwa na udongo mweupe sana, na cha pili udongo wenye manjano. Kitabuni tulikuwa tumeandika mstari mmoja tu, na mahali pa rangi palilowa pakafutika.

Mabwana, hatutaficha tulilolifanya. Tulichukua kalamu, tukaandika 41A juu ya kile cheupe na kukitaja kuwa cha msituni, maana tulifikiri kwamba mahali pasipoguswa ndipo penye udongo safi. Kisha tulilala, ila usingizi haukuja. Alfajiri tulimwendea mwalimu tukamweleza. Binti mmoja miongoni mwa wanafunzi, mtoto wa hapa hapa Temeke, alituonea huruma akasema, "Kaka karani, si tungekisia tu? Vimebaki vifuko vingi." Mwalimu hakukasirika. Alivitupa vyote viwili chini ya mwembe, akasema twendeni.

Tulikwenda kwa miguu, sisi pia tukibeba keekee, tukatoboa tena mahali pote pawili. Ilituchukua siku moja na nusu. Udongo mweupe ulikuwa wa nje, kwenye shimo la zamani. Wa msituni ulikuwa ule wa manjano.

Fikirini sasa. Ramani ile, kama tungaliacha kisio letu, ingalionyesha kaolini safi kando ya kijito, chini ya miti iliyohifadhiwa. Ramani hazisomwi na wanafunzi peke yao. Huenda baada ya miaka kumi mtu angalikuja na karatasi ile mkononi, akiomba msitu ufunguliwe kwa ajili ya udongo usiokuwapo, na sisi tungalikuwa tumekwisha kusahau usiku ule.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma habari za kazi za namna hii. Huko Tendaguru, katika nchi ya Lindi, Wajerumani walichimbua mifupa ya wanyama wakubwa wa kale tangu mwaka 1909 hata 1913. Wachimbaji walikuwa watu wa nchi, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilichukuliwa na wapagazi mpaka Lindi, mwendo wa siku kadhaa, nazo zilipelekwa Berlin. Na kila mfupa ulikuwa na alama ya shimo lake na namba yake. Mnyama mkubwa kupita wote alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya machimbo kufungwa. Wageni wakimtazama hustaajabia shingo yake. Sisi, tangu Pugu, twastaajabia zile karatasi.

Tumeleta kikapu chenye vifuko vitano, ambavyo mwalimu alituruhusu kuvichukua. Kitapita kwenu sasa. Mwenye kutaka kujaribu kwa ulimi na ajaribu, wala asione haya. Lakini kila kifuko kina karatasi yake ndani. Twawaomba mrudishe donge mahali mlipolitoa.