Mkate Uliolala

Kaeni karibu na redio. Somo la leo ni habari ya mkate uliolala.

Juzi nilikuwa Mtendeni, hapa Tabora, katika nyumba iliyokuwa na arusi. Wageni wamekwenda zao, na mezani imebaki mikate minne, migumu kama gome la mninga. Mama mwenye nyumba alitaka kuwapa kuku. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, dada."

Tuliitazama. Mmoja ulikuwa na ukungu wa kijani pembeni. Huo tuliutupa wote, wala kuku hawakupewa. Zamani mimi nilikuwa nikikata palipooza na kula palipobaki, mpaka usiku mmoja tumbo likanifunza adabu. Ukungu una nyuzi nyembamba zinazoingia ndani ya mkate, na jicho halizioni.

Mitatu iliyobaki ilikuwa migumu tu. Watu husema mkate mgumu umekauka. Si hivyo peke yake. Ndani ya mkate mna wanga. Mkate ukikaa, wanga hujipanga upya na kukaza. Ukipata maji na moto, hulegea tena.

Basi tulikata nusu ya mkate mmoja vipande vidogo, tukavitia katika sufuria iliyopakwa samli. Tukachukua vikombe 2 vya maziwa yaliyochemshwa, yakiwa yamekwisha kupoa, kwa maana maziwa ya moto yangeivisha mayai kabla ya wakati. Tukapiga mayai 3 pamoja na maziwa hayo, vijiko vikubwa 4 vya asali, hiliki iliyotwangwa na chumvi kidogo. Tukamimina juu ya mkate, tukangoja dakika 20 unywe maziwa.

Makaa machache tuliyaweka chini, mengi juu ya mfuniko. Hapo msiwe na haraka! Moto ukiwa mkali, mayai hukatika na maji hujitenga. Baada ya dakika 40 hivi, choma kisu katikati. Kikitoka safi, chakula kimeiva.

Asali ya misitu yetu ya miombo hushinda sukari kwa chakula hiki. Hayo ni maoni yangu, nami siyafichi. Lakini sikilizeni sana: mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali, hata iliyopikwa. Inaweza kumtia ugonjwa mbaya. Sehemu yake ipikwe bila asali.

Ngano si ngeni kwetu. Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, Waarabu wa misafara walikuwa wakiilima huku Unyanyembe. Wala si sisi tu tunaookoa mkate. Wayahudi huweka mezani mikate miwili ya Sabato, iliyosukwa kama nywele, iitwayo khala. Ikibaki, wengine huiloweka katika mayai na kuioka, wakapata kugeli. Ni ndugu yake hiki chetu.

Yule mama alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akaenda kuficha ile mikate miwili iliyobaki kabla majirani hawajaiona.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni maneno haya: ukungu, wanga, hulegea, hujitenga. Kisha mmoja asome kwa sauti kipimo cha maziwa na cha mayai, na wengine wamsahihishe.