Kichwa cha Luzira na Nyumba ya Mayembe

 Leo tunaondoka Namuwongo, Kampala. Tunavuka reli, tunapanda teksi hadi mjini, kisha nyingine ya kwenda Kamwokya, na kushuka Barabara ya Kira, kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda.

Makumbusho haya yalianzia mwaka 1908 katika ngome ya mkoloni Lugard, kilimani Old Kampala. Wakoloni walijaza humo vitu vya ibada, na Waganda wakapaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za mizimu. Mwaka 1942 vitu vilihamia Makerere, kwa mwalimu wa sanaa Margaret Trowell. Jumba la leo, lililochorwa na msanifu Ernst May wa Ujerumani, lilifunguliwa mwaka 1954.

Ingia ukumbi wa muziki. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa makumbusho miaka ile, alitaka ala zisikike, si kutazamwa tu. Amadinda, endongo na engalabi zina sauti zao.

Kwenye makumbusho haya yalirudi masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda. Mmisionari John Roscoe aliyapeleka Cambridge, Uingereza. Yakarejea mwaka 1962, mwaka wetu wa uhuru.

Lakini kipo ambacho hakijarudi, nacho ni jirani yako, msikilizaji wa Namuwongo. Ifuate reli kuelekea Port Bell, utafika Luzira. Hapo, mwaka 1929, kwenye kilima cha gereza, kilifukuliwa kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo na mikono ya mababu wa nchi hii. Leo kiko British Museum, London. Mtoto wa Namuwongo anakitazama kilima kilikotoka, ila kukiona chenyewe hadi apate pasipoti, viza na nauli ya ndege.

Mwezi Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kilirejesha vitu 39 Kampala, kwa mkopo. Tunashukuru, lakini mwenye mali hakopeshwi mali yake.

Msikilizaji, likizo ijayo wapeleke watoto Barabara ya Kira. Waonyeshe Kibuuka alikorudi, kisha waambie habari za kichwa cha Luzira, ili wakikua wakidai kwa jina lake.