Kura Chache, Kivuli Kirefu: Ufashisti wa Uingereza na Walioazima Maneno Yake



Hakuna chama cha kifashisti kilichowahi kushinda hata kiti kimoja katika Bunge la Uingereza. Italia ilitawaliwa na mafashisti kwa zaidi ya miaka 20, Ujerumani ikakaa chini ya Wanazi kwa miaka 12. Uingereza, husema wengi, ilikingwa na Bunge lake la kale na upole wa watu wake. Jioni ya leo nasimama kulipinga hitimisho hilo. Anayeupima ufashisti wa Uingereza kwa kura atauona mdogo kuliko ulivyokuwa. Nguvu yake ilikaa kwenye ndimi za waheshimiwa walioazima maneno yake. Na mara nyingi uliporudi nyuma, waliousukuma walikuwa majirani wa mitaa ya kawaida waliokataa kugombanishwa.

Chama cha kwanza cha kifashisti nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1923 na mwanamke, Rotha Lintorn-Orman. Aliyeupa ufashisti umbo na sauti, hata hivyo, ni Oswald Mosley, mtoto wa ukoo wa kitajiri aliyeingia bungeni mwaka 1918 akiwa na miaka 22. Alianza kwa Wahafidhina, akahamia chama cha Labour, na mwaka 1929 akawa waziri aliyepewa kazi ya kushughulikia ukosefu wa ajira. Watu zaidi ya milioni 2 walikuwa hawana kazi kabla mwaka 1930 haujaisha. Mosley aliandika mpango wa serikali kutumia fedha za umma kuzalisha ajira. Wakubwa wake wakaukataa, naye akajiuzulu Mei 1930. Tuwe wakweli: sehemu ya mpango ule ilikuwa na akili kuliko mawazo ya waliomkatalia. Hapo ndipo somo lilipo. Ufashisti hauanzi na wendawazimu. Huanza na dhiki ya kweli iliyopuuzwa, kisha huitafutia dhiki hiyo mtu wa kubebeshwa lawama. Januari 1932 Mosley alikwenda Italia kumtazama Mussolini akitawala, na Oktoba mwaka huohuo akaunda Umoja wa Mafashisti wa Uingereza, wafuasi wake wakivaa mashati meusi.

Januari 1934 gazeti la Daily Mail, mali ya Lord Rothermere, liliwapigia vigelegele Mashati Meusi mbele ya mamilioni ya wasomaji. Katika miezi michache wanachama walifika takriban 50,000. Tarehe 7 Juni, katika ukumbi wa Olympia jijini London, kila aliyepaza sauti kumpinga Mosley alimulikwa kwa taa kali, akakamatwa na kupigwa mbele ya maelfu ya watu. Wiki tatu baadaye Hitler akawaua wapinzani wake Ujerumani. Julai Rothermere akajitoa, na chama kikaporomoka hata kikabaki na wanachama elfu chache. Mkono mmoja wa heshima ulikiinua, ulipoondoka, kikaanguka.

Baada ya hapo Mosley aligeukia mashariki mwa London, mitaa ya mafundi cherehani, makuli wa bandarini na wapangaji waliobanana, ambako waliishi Wayahudi wengi waliokimbia mateso ya Urusi. Akatangaza maandamano ya Jumapili, tarehe 4 Oktoba 1936. Wakazi walikusanya sahihi makumi ya maelfu kuomba yapigwe marufuku. Serikali ikakataa, ikatuma polisi wapatao 6,000 kuyafungulia njia.

Tuingie mtaani siku ile. Makutano ya Gardiner's Corner yamefurika watu, na tramu imeachwa katikati ya njia, haisogei mbele wala nyuma. Polisi wanajaribu kupitia Cable Street. Hapo wanakuta lori lililopinduliwa, mbao, magodoro na viti. Watoto wanamwaga gololi chini ya kwato za farasi wa polisi. Akina mama wanamimina kutoka madirishani kila kilichomo jikoni, na vyombo vya haja vya usiku pia. Wazee wa Kiyahudi wenye ndevu wamesimama bega kwa bega na makuli wa Kiayalandi, Wakatoliki ambao Mosley alitarajia wawe wake. Ukutani limeandikwa neno lililotoka Hispania: Hawatapita. Mkuu wa Polisi, Sir Philip Game, akamwamuru Mosley ageuze msafara. Hawakupita.

Lakini mwanahistoria hawezi kuishia kwenye shangwe. Wiki moja baadaye vijana walivunja maduka ya Wayahudi kwenye barabara ya Mile End. Sheria mpya ilipiga marufuku sare za kisiasa, ila katika uchaguzi wa baraza la jiji, Machi 1937, mafashisti walipata takriban asilimia 23 ya kura za Bethnal Green. Gololi zilizuia farasi. Njaa na kodi ya pango hazikuzuiwa na gololi.

Ndiyo maana tukio la mwaka huo wa 1937 lina uzito mkubwa kwangu. Katika majengo ya Paragon Mansions, familia zilizoshindwa kulipa kodi zilikuwa karibu kutupwa nje, na miongoni mwao alikuwamo mwanachama wa Mosley. Aliomba msaada kwa chama chake; hakuupata. Wakomunisti wa mtaa, wakiongozwa na Phil Piratin, waliweka vizuizi mlangoni na kuwazuia madalali wa mahakama. Kadi za Mosley zikachanwa. Hakuna aliyemhutubia mpangaji yule kuhusu ubaya wa ufashisti. Alilindiwa mlango wake, basi akajua jirani ni nani.

Mei 1940, vita na Ujerumani vikiendelea, Mosley aliwekwa kizuizini, akaachiwa Novemba 1943. Vita havikuua mawazo yake. Mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia watu wa Karibea huko Notting Hill, na mwaka uliofuata Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, akachomwa kisu na kuuawa. Mosley aligombea ubunge palepale, akashindwa vibaya. Tayari kijiti kilikuwa kwa A. K. Chesterton, aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyepigana Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa bado kijana. Kwake, uhuru wa makoloni ulikuwa njama ya Wayahudi. Mwaka 1967 akawa mwenyekiti wa kwanza wa chama cha National Front.

Hapo historia hii inabisha hodi kwetu. Baada ya uhuru wa Kenya, maelfu ya Waasia wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walibaki na pasipoti za Uingereza. Sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu vibali vya kazi na leseni za biashara zilipowabana, waliziamini pasipoti zile. Serikali ya Labour ikapitisha sheria kwa siku tatu tu, na tarehe 1 Machi 1968 ikaanza kazi: pasipoti pekee haikutosha tena, mpaka mzazi au babu awe na asili ya Uingereza. Wote walijua ni nani wenye babu wa namna hiyo. Miaka mitano baadaye Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilihitimisha kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa rangi uliofikia kiwango cha udhalilishaji.

Waliotunga sheria ile walitumaini kwamba mchawi akipewa mwana kulea atatulia. Hakutulia. Wiki saba baadaye Enoch Powell, mwanasiasa mkubwa wa Wahafidhina, alitoa hotuba yake ya chuki huko Birmingham, na makuli wa London wakaandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Ni makuli wa bandari ileile ya baba zao waliosimama Cable Street! Ujirani haurithiwi. Usipofanyiwa kazi upya, unakufa ndani ya kizazi kimoja.

Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Uingereza iliwapokea takriban 28,000, na hilo ni la kuiheshimu serikali ya Edward Heath. Baraza la mji wa Leicester, hata hivyo, lilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya wasije. Walikuja, wakafungua maduka na viwanda, na mji ukapata uhai mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

National Front ilisimamisha wagombea 303 mwaka 1979, ikapata kura zipatazo 190,000 tu. Maandamano ya kuipinga huko Lewisham na matamasha ya wanamuziki waliopinga ubaguzi yalikuwa yameivua nguo. Lakini tusisahau kwamba Januari 1978 Margaret Thatcher, kiongozi wa Wahafidhina, alisema kwenye televisheni kuwa watu wanahofia kufurikwa na wenye utamaduni tofauti. Baadhi ya wapiga kura hawakubadili mawazo, walibadili chama.

Tarehe 29 Julai 2024 watoto watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport. Uvumi wa uongo mitandaoni ukambebesha lawama Mwislamu mtafuta hifadhi, na usiku uliofuata kundi la watu likaushambulia msikiti wa mji. Asubuhi majirani walifika na mafagio. Mafundi wa mji wakaja na matofali, wakaujenga upya ukuta uliobomolewa. Ni watu wa ukoo mmoja na wale wa Paragon Mansions, ingawa damu haiwaunganishi.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Southport ukuta ulijengwa kwa mikono ya majirani. Ufa, mabibi na mabwana, uko kwingine: kwenye sheria ya siku tatu, kwenye kichwa cha habari, kwenye sentensi moja ya televisheni. Huo hauzibwi na fundi mwashi. Unazibwa na mwenye cheo anayelikataa neno la chuki siku ile ambayo kulitamka kungempa kura. Na wengi kati yenu mlioketi humu siku moja mtashika vyeo.