Chale za Nyanya, Tatuu za Wajukuu

(Hotuba hii ilitolewa na mfanyakazi wa jamii mbele ya wazazi na vijana mjini Kitale, na baadaye ikarudiwa Bungoma. Tunaichapa kwa ombi la wasikilizaji.)





Nimeombwa niseme juu ya tatuu. Barua niliyopewa ilisema "tabia mbaya ya vijana kujichora mwili". Nitafika hapo. Lakini kwanza wacha niseme juu ya tabia yangu mimi.

Miaka michache iliyopita nilikaa kwenye kamati ya kuchagua wasichana wa kufundishwa ushonaji. Nafasi zilikuwa chache. Akaingia msichana mmoja, amevaa vizuri, vyeti vyake viko sawa, anajibu kwa adabu. Alipotunyoshea cheti, tukaona jina la mwanamume limechorwa kwenye kifundo cha mkono. Mmoja wetu akasema, "Huyu ameshaharibika." Wengine wakanyamaza. Na mimi, mwenye diploma ya kazi za jamii, niliyefundishwa kumsikiliza mtu kabla ya kumpima, nikanyamaza pia. Jina lake likakatwa.

Baada ya mwezi hivi nikasikia amelazwa. Alikuwa amejaribu kulifuta lile jina kwa maji ya betri ya gari. Ngozi iliungua mpaka nyama ikaonekana. Nilikwenda kumwona. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Madam, sasa nikirudi na kovu, mtanichukua?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo leo sikuja kuwatetea wanaojichora, wala sikuja kuwatukana. Nataka tuulizane: tukiiona tatuu, tunachukia nini hasa?

MAMBO TULIYOYASAHAU

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na chale kwenye paji la uso na tumboni. Alichanjwa akiwa msichana, kama wasichana wengi wa Kibukusu wa rika lake. Alituambia kwamba asiyechanjwa alichekwa kuwa mwoga. Majirani zetu Waturkana nao walikuwa na alama zao: mwanamume aliyemuua adui vitani alichanjwa begani, na watu wakimwona wanajua. Kule Kwale, wazee wa Kimakonde wana michoro usoni. Watu hao waliishi Kenya miaka mingi bila kutambuliwa, mpaka mwaka 2017 walipoanza kupewa vitambulisho. Kumbe mtu anaweza kuwa na alama usoni na bado akakosa karatasi ya kusema yeye ni nani!

Alama hizo zilisema: huyu ni wetu. Ndiyo maana nyanya hakuitwa mhuni. Leo chale ya nyanya tunaiita mila, na tatuu ya mjukuu tunaiita uhuni. Ngozi ni ile ile.

Tena kuna chale nyingine ambazo hatuzitaji mkutanoni. Mtoto akipumua kwa shida, wako kati yetu wanaompeleka kwa mganga achanjwe kifuani kwa wembe na kupakwa dawa, badala ya kumkimbiza zahanati. Homa ya mapafu haitoki kwa wembe. Mzazi aliyefanya hivyo jana, leo anamfukuza kijana wake nyumbani kwa sababu ya ua lililochorwa mkononi. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Msinicheke, ni methali.

BIBLIA INASEMA NINI?

Najua kuna anayengoja nitaje Walawi 19:28. Naam, pale Waisraeli wanakatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini. Lakini soma sura yote. Mstari wa 19 unakataza nguo ya nyuzi za aina mbili, na mstari wa 27 unakataza kunyoa pembe za ndevu. Sijaona mzee akizuiwa kuingia kanisani kwa sababu amepita kwa kinyozi. Maneno yale yalikuwa ya kuwatenga Waisraeli na desturi za mataifa jirani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki haitaji tatuu. Na mwezi wa tatu mwaka 2018, marehemu Papa Fransisko alipokutana na vijana kule Roma, aliwaambia wasiogope tatuu, akakumbusha kwamba Wakristo wa Eritrea huchora msalaba kwenye paji la uso. Wakristo wa Kikopti wa Misri nao huchora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono.

Sisemi basi kila mchoro ni mzuri. Mchoro wa matusi ni matusi. Mchoro wa genge unamfunga kijana kwa genge. Ninachosema ni kwamba tuusome mchoro kwanza, halafu tumwulize mwenyewe, ndipo tuseme.

HATARI IKO KWENYE SINDANO

Sasa vijana, sogeeni karibu, hapa ni penu.

Ngozi ina tabaka. Lile la juu hubambuka kila siku na kuota upya. Wino wa tatuu hupelekwa na sindano mpaka tabaka la pili, ambalo halibambuki. Ndiyo sababu haufutiki kwa sabuni, wala kwa maji ya betri, wala kwa pasi. Sindano hiyo hutoboa mara nyingi sana, na kila tundu lina damu. Ikitumika kwa mtu wa pili bila kusafishwa inavyotakiwa, inaweza kubeba virusi vya UKIMWI, na hata zaidi virusi vya homa ya ini, aina ya B na C. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Hata wino unaochovywa na watu wawili ni hatari. Na ngozi yetu nyeusi ni nyepesi kuota makovu yanayovimba. Kama una kovu la namna hiyo, usithubutu.

Wazazi wa Bungoma mnakumbuka jambo moja. Miaka ya shufwa ni miaka ya tohara. Zamani kisu kimoja kilipita kwa wavulana wengi. UKIMWI ulipotuzidi, mpaka serikali ikautangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999, tuliambiwa kila mtoto awe na kisu chake. Wazee wengine walikataa, wakisema mila inaharibiwa. Lakini tohara haikufa. Ngoma bado zinalia mwezi wa nane. Kilichobadilika ni kisu.

Basi tulifaulu kuibadilisha desturi ya mababu bila kuilaani. Je, kwa tatuu tumeshindwa hata kuuliza sindano ni ya nani? Tukiwatukana tu, watachorwa kwa siri, nyuma ya kibanda, kwa sindano ya kushonea na wino wa kalamu.

Na kama umeshachorwa kwa sindano ya kushiriki, usikae ukiogopa. Nenda kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na huendelea siku 28. Uliza pia juu ya kipimo na chanjo ya homa ya ini ya aina ya B. Watoto wachanga walianza kupewa chanjo hiyo hapa Kenya mwishoni mwa mwaka 2001, kwa hiyo sisi wakubwa wengi hatukuipata.

NENO KWA VIJANA

Kabla ya kuchorwa, ngoja mwaka mmoja. Ukiwa bado unaupenda ule mchoro, tuzungumze. Jina la mpenzi usichore kabisa. Watu huachana, wino hauachi. Kuufuta ni kwa mionzi ya leza, mara nyingi, kwa miezi mingi, na gharama yake ni kubwa kuliko ya kuchora. Na wako waajiri ambao bado wana fikira kama zile zetu za kamati. Si haki, lakini wapo.

Ukitaka pambo tu, iko hina, ambayo huisha yenyewe kwa wiki mbili tatu. Ila jihadhari na piko nyeusi. Ile ni rangi ya nywele, na imewachoma wengi ngozi.

NENO KWA WAZAZI

Mtoto akirudi na tatuu, usianze na kiboko. Uliza maswali matatu: Nani alikuchora? Kwa sindano gani? Mchoro huu una maana gani kwako? Lile la kwanza na la pili yataokoa mwili wake. La tatu litakuonyesha moyo wake. Huenda ukakuta kijana aliyetaka tu kuwa wa mtu fulani, kama nyanya yake alivyotaka kuwa wa watu wake.

Na ninyi mlio kwenye kamati za basari, za ajira na za vikundi, msimkate mtu kwa sababu ya ngozi yake. Sisi tuliandika katika kanuni zetu kwamba mwombaji ataulizwa juu ya kazi aliyoombea. Tulichelewa, lakini tuliandika.

Yule msichana tulimpa nafasi mwaka uliofuata. Kile kifundo hakikunjiki vizuri kwa sababu ya kovu, kwa hiyo hushona polepole kuliko wenzake. Kazi yake ni safi. Kila nikimwona anausukuma mguu wa cherehani na kuugeuza mkono wote badala ya kifundo, najua gharama ya kunyamaza kwangu siku ile. Haikulipwa na mimi.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Katika ukoo wako, nani ana chale? Zilikuwa na maana gani?
2. Je, mtaani kwenu vijana huchorwa wapi, na sindano hutoka wapi?
3. Je, umewahi kumkata mtu kwa sababu ya alama ya mwili? Unaweza kufanya nini leo?