Masomo ya likizo: kipi ni msaada, kipi ni deni

Shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba, walimu wengi wa Kaunti ya Nakuru hugeuka wanafunzi. Masomo ya likizo huchukua wiki chache, lakini gharama yake si karo pekee. Mwalimu anayetoka Kuresoi kusomea Njoro ana nauli, kodi ya chumba na chakula, na shule zikifunguliwa watoto wake nao wanadai karo. Asiyepanga mapema huenda akafika siku ya mtihani akiwa na salio, akazuiwa kuufanya.

Msaada upo, ila mtu ajue anachukua nini. Basari hairudishwi. Mkopo wa HELB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1995, ni deni. Kwa shahada ya kwanza riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka: Sh40,000 huzaa riba ya Sh1,600. Sheria ya bodi hiyo iliweka faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi usiolipwa. Faini ya mwezi mmoja basi hupita riba ya miaka mitatu.

Kabla ya kujisajili, mwanafunzi aulize ofisi ya fedha ya chuo: Je, karo hulipwa kwa awamu? Akiahirisha masomo, pesa zake hurudishwa au huhamishiwa likizo ijayo? Jibu apewe kwa maandishi. Alipe kupitia akaunti ya chuo na atunze kila risiti.

Elimu haina mwisho, lakini deni lazima liwe nao.